Barazani Kwetu: Redio Hufaje?



Mwezi uliopita, baada ya darasa ya alasiri, tulikuwa tumekaa barazani na baadhi ya wanafunzi wetu wakubwa, twangoja adhana ya Magharibi. Kijana mmoja, ambaye kwa desturi si msemaji, akatuuliza: "Maalim, mtu hufa akazikwa. Je, redio hufaje?" Wenziwe wakaangua kicheko. Tulipomdadisi tukafahamu kwamba amesikia uvumi mtaani, kuwa stesheni moja ambayo yeye na mama yake huisikiliza kila jioni huenda ikafungwa kwa upungufu wa fedha. Uvumi ni uvumi, wala hatutaitaja stesheni hiyo. Lakini swali lenyewe halikutuacha. Tulikwenda nalo nyumbani tukalala nalo, na asubuhi tukakumbuka kisa kimoja tulichokifuata kwa karibu mwaka 2010. Kisa hicho ndicho twataka kukisimulia leo.

Tuondoe shaka kwanza. Twajua wamo katika wasomaji wetu watakaouliza, vipi mwalimu wa chuo atumie ukurasa huu kuzungumzia redio za muziki? Khitilafu ya wanavyuoni juu ya ngoma na zumari ni ya zamani kuliko redio, nasi hatuna elimu ya kuikata. Tunalolizungumza ni jambo jingine: sauti iliyozoeleka nyumbani mwa watu, nani mwenye haki ya kuinyamazisha, na wanaoipenda hufanya nini siku wanapoambiwa kwamba itanyamazishwa. Hilo laweza kuwa redio, laweza kuwa maktaba ya mtaa, laweza kuwa chuo chenyewe.

Kisa ni cha Uingereza, lakini sisi kilitufikia kwa mlango wa jirani. Katika mtaa wetu hapa Tanga alikuwako mwenye duka la vitambaa, Mhindi Mwislamu, mzaliwa wa papa hapa, ambaye Kiswahili chake kiliwashinda wengi wetu. Mungu amrehemu, amekwisha kututangulia. Dada yake aliolewa Kampala. Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin alipowaamuru Waasia watoke Uganda katika muda wa siku 90, dada huyo na mumewe walitoka na masanduku mawili na mtoto mchanga. Watu kiasi cha 28,000 katika hao waliofukuzwa walipokewa Uingereza, nao wengi wakaelekea mji mmoja wa katikati ya nchi uitwao Leicester.

Mji wenyewe haukuwataka. Septemba ya mwaka huo huo baraza la mji lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwaonya wasije, kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Walakini walikwenda, maana jamaa zao waliotoka Kenya miaka michache kabla walikwisha kufika huko, na mtu aliyefukuzwa hufuata mahali penye sauti aijuayo. Wakafungua maduka, wakaingia viwandani, na leo Leicester hujisifu kwa watu wale wale uliowaandikia wasije.

Mwaka 1976 redio ya BBC ya mji ule, BBC Radio Leicester, ilianzisha kipindi cha kila siku kwa ajili ya wasikilizaji wa Kiasia. Kilikuwa na nyimbo za filamu za Bombay, matangazo ya harusi na misiba, na habari za nchi walizozitoka. Dada wa mwenye duka alimwambia ndugu yake kwamba siku ya kwanza aliposikia wimbo wa kwao ukitoka katika redio ya Waingereza, aliacha mchuzi ukaungua. Kipindi kikakua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 redio za BBC za Leicester na Birmingham ziliunganisha vipindi vyao vya namna hiyo, likazaliwa jina la Asian Network. Tarehe 28 Oktoba 2002 ikawa stesheni ya nchi nzima katika mawimbi ya kidijitali. Ilipiga muziki wa filamu, bhangra ya Wapanjabi, na mambo mapya ya vijana waliozaliwa huko huko. Na nyakati za usiku ilikuwa na vipindi vya lugha za kwao, Kihindi, Kiurdu, Kipanjabi, Kibengali na Kigujarati. Mwislamu, Mhindu na Kalasinga waliisikiliza pamoja. Yule bibi alikuwa na redio yake jikoni, juu ya kabati la sahani, wala hakuruhusiwa mtu kuigusa.

Mwaka ule ule wa 2002, miezi michache kabla, tarehe 11 Machi, BBC ilikuwa imeanzisha stesheni nyingine ya muziki kwa mawimbi hayo hayo ya kidijitali, iitwayo 6 Music. Hii haikuwekwa kwa kabila wala lugha, bali kwa watu wenye mapenzi makubwa ya muziki usiopigwa kwingine: bendi zisizojulikana, nyimbo za zamani zilizosahauliwa, na khasa kanda zilizomo katika hazina ya BBC. Yafaa tuieleze hazina hiyo kidogo. Kwa miaka mingi BBC ilikuwa na desturi ya kuwaalika wanamuziki katika studio zake, wapige mara moja nyimbo chache kwa ajili ya kipindi tu, kisha kanda huhifadhiwa. Mtangazaji John Peel, aliyetangaza katika Radio 1 tangu 1967 hata alipofariki 2004, peke yake aliacha maelfu ya kanda hizo. Nyingi katika kanda kama hizo hazimo madukani. Stesheni ya kuzipiga isipokuwapo, huwa kama vitabu vilivyofungiwa katika chumba ambacho ufunguo wake umepotea.

Sasa tufike kwenye msiba. Tarehe 2 Machi 2010 mkurugenzi mkuu wa BBC, Mark Thompson, alitangaza mpango wa kulipunguza shirika lake. Wakati ule shirika lilikuwa likishutumiwa kwamba limekuwa kubwa mno na kwamba linayabana mashirika ya biashara. Tena uchaguzi mkuu wa Uingereza ulikuwa mlangoni, mwezi wa Mei. Katika mpango ule, kurasa za BBC katika mtandao zingepunguzwa nusu, huduma mbili za vijana wa rika la kubalehe, Switch na Blast, zingefungwa, na redio mbili zingezimwa: 6 Music na Asian Network. Mahali pa hii ya pili pangewekwa stesheni ndogo ndogo za mitaa.

Zikatolewa hesabu. Sisi, ambao hesabu yetu ni ya shule ya msingi, tulikaa na karatasi na kuzipitia. 6 Music ilitumia kiasi cha pauni milioni 9 kwa mwaka, na mwisho wa 2009 wasikilizaji wake walikuwa wapata 695,000 kwa juma. Gawanya: kama pauni 13 kwa kila msikilizaji. Asian Network ilitumia kiasi cha pauni milioni 12, na wasikilizaji wake walikuwa wameshuka hata 357,000. Gawanya: kama pauni 34. Kwa hesabu hiyo, mwenye kushika kalamu aweza kusema kwamba redio hizi ni ghali, na ile ya Waasia ni ghali zaidi. Lakini iko hesabu ya pili. Kila nyumba yenye televisheni Uingereza hulipa ada, ambayo katika mwaka uliokwisha Machi 2010 ilikuwa pauni 142.50, na jumla ya ada hizo ilikuwa kama pauni bilioni 3 na nusu. Ukiifanya fedha yote ile kuwa shilingi moja yenye senti mia, 6 Music ilikuwa ikila robo ya senti. Redio mbili pamoja hazikufika senti moja. Mtu mwenye nyumba ya vyumba mia hakonda kwa kuuza kigoda cha bibi yake.

Na liko neno jingine, nalo ndilo lililotuuma zaidi. Mwezi mmoja kabla, baraza la wadhamini lililokuwa likisimamia shirika, BBC Trust, lilikuwa limekwisha kuichunguza 6 Music, likaona kwamba mtu mzima mmoja tu katika kila watano Uingereza ndiye aliyejua kwamba stesheni hiyo iko. Haikusikika katika redio za kawaida. Ilimpasa mtu anunue redio ya kidijitali au aisikilize kwa mtandao au televisheni. Basi kijana wetu, hapa ndipo jibu la kwanza la swali lako. Redio huanza kufa pale inapowekwa mahali ambapo watu hawaioni, kisha wakaulizwa, "Mbona haina watu?" Wala hatusemi kwamba ilifanywa kwa makusudi. Twasema tu kwamba ndivyo inavyokuwa.

Asian Network nayo ilikuwa na ugonjwa wake, ambao sisi walimu twaujua sana. Nyumba moja ya Leicester au Bradford ilikuwa na bibi aliyezaliwa Kampala au Gujarati, mama aliyesoma Uingereza, na mjukuu ambaye Kigujarati hukisikia lakini hajibu. Redio moja yapaswa kuwaridhisha wote watatu. Mwaka 2006 wakubwa wa stesheni waliamua kuielekeza zaidi kwa vijana. Vijana hawakuja wote waliotazamiwa, na wazee wakaanza kuondoka. Tumeyaona haya katika misikiti na vyuo vyetu: ukikaza kuwafurahisha vijana kwa kuwasukuma wazee pembeni, mwisho hukosa wote wawili, maana hao vijana nao walikuwa wakija kwa kushikwa mkono na wazee wao.

Ndani ya nyumba ya yule bibi zilikuwamo redio zote mbili zilizohukumiwa. Yake jikoni, Asian Network; na chumbani kwa mjukuu wake, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, 6 Music. Ndugu yake alitusimulia haya dukani, simu ingali mkononi, akicheka na kusikitika kwa pamoja. Mjukuu alipopata khabari alipandwa na hasira. Hakulala, aliandika barua, akaandikisha jina lake katika mtandao, akawaita rafiki zake. Bibi yeye alisikia khabari ya redio yake, akanyamaza, akaendelea kukatakata vitunguu. Ndugu yake alipomuuliza kwa simu, "Dada, nawe umeandika?" alijibu, kwa Kiswahili cha Tanga asichokisahau, "Kaka, nani atasoma barua ya kizee? Tumefukuzwa Uganda tukanyamaza. Hii ni redio tu."

Maneno hayo mwenye duka aliyarudia mbele yetu mara mbili. "Hii ni redio tu, Maalim. Umesikia?"

Wale wa 6 Music hawakunyamaza. Mwezi ule ule wa Machi walikusanyika nje ya jumba la BBC, Broadcasting House, London, na mabango yao. Katika mtandao walijiandikisha watu zaidi ya laki moja. Wanamuziki wakubwa walitia sauti zao, akiwamo David Bowie, ambaye hakuwa na haja ya redio ndogo kama ile ili ajulikane. BBC Trust iliwataka wananchi watoe maoni yao, na majibu yalikuja kwa makumi ya maelfu, sehemu kubwa yakiitetea 6 Music. Na likatokea jambo la ajabu ambalo mwenye kushika kalamu ya hesabu hakulitazamia: watu waliosikia kwamba redio itakufa wakaenda kuisikiliza, waone ni kitu gani hicho kinacholiliwa. Katika miezi mitatu ya mwanzo ya 2010 wasikilizaji walipita milioni moja kwa mara ya kwanza. Tangazo la kuifunga limeifanyia kazi ambayo miaka minane ya kuwa hai haikuweza kuifanya.

Twakiri kwamba habari hii hutufurahisha na kutuudhi. Hutufurahisha kwa kuwa watu walisimama. Hutuudhi kwa kuwa wengi wao walikuwa wapi jana? Ni kama yule jirani asiyekuja kukutazama u mgonjwa, lakini matangani hushinda siku tatu.

Tarehe 5 Julai 2010 BBC Trust, chini ya mwenyekiti wake Sir Michael Lyons, ilitoa uamuzi: 6 Music isifungwe. Walisema hoja ya kuifunga haikuthibitika, na kwamba stesheni ina mambo ambayo redio za biashara hazitoi. Mjukuu alipiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Na Asian Network? Hapo uamuzi haukuwa na furaha ile. Baraza lilikubali kwamba stesheni haiendi vizuri, likasema litalitazama pendekezo rasmi litakapoletwa. Kwa maneno mengine, mtu mmoja ameachiliwa na mwenziwe amerudishwa rumande. Tulipolisoma hilo tulimkumbuka bibi na vitunguu vyake. Hatusemi kwamba baraza liliwapendelea hawa na kuwadharau wale. Walikuwa na hesabu zao, nazo tumezitaja. Lakini ni kweli pia kwamba upande mmoja walikuwako watu waliozoea kuandika barua wakajibiwa, na upande wa pili wamo wengi waliozoea kwamba barua huja kwao, ya kuwaambia watoke.

Hapa mjukuu alifanya jambo lililomrejesha moyoni mwetu, kwa maana kwa kweli tulikuwa tumeanza kumchukia kidogo. Siku chache baada ya shangwe yake, aliingia jikoni, akamkuta bibi na redio. Mtangazaji alikuwa akizungumza Kigujarati. Kijana akauliza, "Bibi, anasema nini?" Bibi akamfasiria. Kijana akakaa. Kipindi kilipokwisha akaleta kalamu na karatasi, akasema, "Wewe sema, mimi niandike." Bibi alisema kwa Kigujarati na Kiingereza, na penye neno gumu akasema kwa Kiswahili, ambalo kijana hakulijua hata chembe, wakacheka wote wawili. Barua ilikwenda. Hatudai kwamba barua ile ndiyo iliyookoa kitu. Ilikuwa moja. Lakini kijana alipata kujua, akiwa na umri wa miaka ishirini, jina la mtaa wa Kampala ambao bibi yake aliwahi kukaa, kwa sababu bibi alilitaja katika barua, na hapo kabla hakupata kumwuliza.

Na wengine nao walisema, kila mmoja kwa njia yake. Katika miezi mitatu ya mwisho ya 2010 wasikilizaji wa Asian Network walikuwa wamepanda kutoka wale 357,000 hata 477,000. Machi 2011 BBC ilisema haina nia tena ya kuifunga. Ila ilipona kama mgonjwa aliyekatwa kiungo: fedha zake zilipunguzwa sana. Mwaka 2021 ukatangazwa mpango wa kuzihamishia Birmingham shughuli zake zote, hata zile zilizobaki Leicester, mji ambamo yote yalianzia. Bibi hakuwahi kuiona khabari hiyo. Alikuwa amekwisha kufariki. 6 Music kwa upande wake imekuwa na wasikilizaji zaidi ya milioni mbili katika miaka iliyofuata. Hata lile baraza lililoamua mambo yote haya halipo tena, lilivunjwa mwaka 2017, na redio zote mbili zimeishi zaidi yake.

Wengi wanaposimulia kisa hiki hukomea hapa, wakafurahi. Sisi twataka mkumbuke na waliokufa. Huduma zile mbili za vijana, Switch na Blast, zilifungwa kama ilivyopangwa. Mchezo wa redio wa Asian Network uitwao Silver Street, ulioanza 2004, uliokuwa ukisimulia maisha ya familia za Kiasia katika mji wa Kiingereza, ulikomeshwa mwezi ule ule wa Machi 2010 wakati watu wanapiga kelele kwa ajili ya muziki. Hatukusikia maandamano ya Silver Street. Hivi ndivyo redio hufa mara nyingi, ewe mwanafunzi wetu: haizimwi yote siku moja kwa tangazo, bali hukatwa kipindi kimoja leo, mtangazaji mmoja mwakani, saa ya usiku baadaye, na kila kipande ni kidogo mno kumfanya mtu atafute bahasha.

Nasi si watu wa kuwanyoshea wengine kidole. Tulipokuwa vijana kilikuwako kipindi cha usiku katika stesheni moja tuliyokuwa tukiisikiliza hapa pwani, kipindi cha nusu saa, ambacho mzee mmoja alisoma mashairi yaliyoletwa na wasikilizaji na kuyafafanua maneno magumu, kisha hupigwa taarabu moja ya zamani. Marehemu mama yetu, ambaye hakujua kusoma, alijua kwa moyo beti nyingi kwa sababu ya kipindi kile, na sisi maana ya maneno mengi ya kale tunayowafundisha wanafunzi wetu leo tuliipata hapo, tumelala chali juu ya mkeka, taa imepunguzwa. Mwezi mmoja kikaondolewa. Hakikutangazwa. Tulifungua redio saa ile tukasikia matangazo ya sabuni. Tukangoja juma la pili, na la tatu. Barazani tulilalamika karibu mwaka mzima; wako waliokula kiapo kwamba hawatafungua tena stesheni ile, wakaifungua kesho yake. Lakini katika sisi sote, na tulikuwa watu tunaojua kuandika, hakuna hata mmoja aliyeandika barua. Stempu ilikuwa senti chache. Mama alitwambia, "Ninyi mliosoma, waulizeni basi." Tukamwambia, "Mama, hawa hawasikilizi watu." Kumbe wale hawakupewa cha kusikiliza.

Wala hatujui kama kanda zile ziko. Twaogopa zilirekodiwa juu yake matangazo ya sabuni.

Haya ndiyo tuliyomjibu kijana, kwa ufupi kuliko hivi, kwa sababu adhana ilikuwa karibu. Alisikiliza, akauliza: "Sasa Maalim, tukiandika, tuseme nini? Kwamba twaipenda?" Tukamwambia, la, kusema mwaipenda hakutoshi, kila mtu hupenda. Semeni mwasikiliza saa ngapi, na nani yupo chumbani, na kipindi gani, na mtu gani nyumbani hana kingine cha kusikiliza ila hicho. Waulizeni pia kanda za zamani ziko wapi, na nani anazitunza, maana hilo watu hulisahau, na stesheni ikifungwa jengo hupata mnunuzi lakini kanda hutupwa uani. Na msiwatukane. Aliye ofisini pale huenda naye analilia kazi yake.

Juma lililopita aliileta rasimu. Kurasa mbili za daftari, mistari imejaa. Sehemu kubwa ni maneno ya mama yake, ambaye hushona nguo usiku na redio mbele yake, na ambaye amesema katika barua ile kwamba mtangazaji wa saa tatu humtoa usingizi asijichome sindano. Vijana wengine wanne wameongeza ya nyumbani kwao. Mmoja ameandika kwa niaba ya babu yake asiyeona. Sisi tumesahihisha tahajia mahali pachache, na tumeondoa neno moja kali. Ilipelekwa Jumatatu, na nakala moja tumeibakisha katika sanduku la chuo, pamoja na orodha ya majina.